Tangi Halipozi Kompyuta

Watu wanaoniletea kompyuta za kupozwa kwa maji, au wanaotaka niwaundie moja, huanza karibu wote na swali lilelile: tangi litakuwa la ukubwa gani? Swali hilo nalielewa. Sisi wakazi wa Dar es Salaam tumezoea kupima utulivu wa nyumba kwa tangi lililo juu ya mnara wake, kwa kuwa maji ya bomba yakikatika, mwenye lita elfu tano hulala usingizi na mwenye pipa huamka alfajiri kumtafuta mwenye mkokoteni. Lakini mzunguko wa maji ndani ya kompyuta umefungwa; maji yaleyale huzunguka miezi na miezi bila kutumiwa na mtu. Tangi lake si akiba. Kazi zake ni mbili: kuipa pampu maji yasiyo na hewa wakati wote, na kuwa mahali ambapo hewa iliyobaki kwenye mzunguko itakwenda kutulia. Karibu yote niliyojifunza kuhusu kulichagua na kuliweka tangi yametokana na mambo hayo mawili, na ndiyo maana siku hizi huuliza kwanza litakaa wapi, halafu ndipo tuzungumze ukubwa.

Kwa asiyeijua mashine ya aina hii, njia ya maji ni fupi. Pampu huyasukuma maji kupitia bloku za shaba zilizobanwa juu ya prosesa na kadi ya picha, maji hayo hubeba joto hadi kwenye rejeta yenye feni, kisha hurudi kwenye tangi na kuingia tena kwenye pampu. Joto hutoka kwenye rejeta. Tangi halina feni wala mapezi ya shaba, na kuta zake ni za akriliki (plastiki ngumu inayong'aa) au kioo, ambavyo havipitishi joto kwa wepesi, kwa hiyo kinachotoka hapo ni kidogo mno kuweza kuhesabiwa.

Naikumbuka hesabu niliyomwandikia kijana mmoja mhariri wa video, aliyekuja na picha ya tangi la lita moja kwenye simu yake akiwa ameshatenga hela. “Fundi, mimi nataka hili, kazi zangu nzito,” alisema, nami nikamwomba tukae kidogo. “Kaka, hebu kwanza tupige hesabu.” Gramu moja ya maji huhitaji jouli 4.18 ili joto lake lipande kwa nyuzi 1. Kompyuta aliyoitaka, prosesa na kadi ya picha zikifanya kazi kwa pamoja, ingetoa joto la wati 400 hivi, yaani jouli 400 kwa kila sekunde. Tangi la mililita 250 pamoja na tangi la lita moja hutofautiana kwa gramu 750 za maji. Ili maji hayo ya ziada yapande kwa nyuzi 10 zinahitajika jouli zipatazo 31,000, na ukizigawa kwa 400 unapata sekunde 78. Hata tukikubali kwamba rejeta nayo inatoa joto wakati huohuo na hivyo muda unarefuka kidogo, alichokuwa anataka kulipia ni dakika chache za kuchelewesha joto ambalo lingefika palepale. Yeye akishaanza kutoa video ya harusi, mashine hukimbia saa nzima. Baada ya dakika hizo, tangi kubwa na tangi dogo huwa na maji ya joto lilelile, kwa sababu joto la mwisho huamuliwa na rejeta, feni na hewa ya chumbani. Alinyamaza, akauliza bei ya rejeta ya pili. Hilo lilikuwa swali zuri kuliko la kwanza.

Mwingine aliniuliza kama anaweza kutia barafu kwenye tangi. Barafu ya gramu 200 ikiyeyuka humeza jouli kama 67,000, na mashine ya wati 400 huzirudisha kwa muda usiofika dakika 3. Lakini hilo si baya zaidi. Hewa ya pwani yetu ina unyevu mwingi, na kitu chochote kilicho baridi kuliko hewa hiyo kwa nyuzi kadhaa hutoka jasho, jinsi chupa ya soda inavyotoka jasho mezani. Maji yakipozwa hivyo, jasho litatokea kwenye bloku na kwenye mipira ya kupitishia maji, na litadondokea ubao mama, ule ubao mkubwa unaobeba vifaa vingine vyote. Katika chumba cha nyuzi 31 kisicho na kiyoyozi, maji ya kompyuta hayawezi kushuka chini ya nyuzi 31 kwa rejeta pekee, na kwa kweli hiyo ni neema.

Jambo la pili ambalo hesabu hulimaliza haraka ni ubishi wa mpangilio: rejeta itangulie prosesa, au prosesa itangulie kadi ya picha? Mzunguko wa kawaida wenye bloku mbili na rejeta mbili hupitisha kama lita 200 kwa saa. Kwa kasi hiyo, maji hukaa ndani ya tangi la mililita 200 kwa sekunde 3.6 tu, na wati 400 huyaongezea joto la nyuzi 1.7 hivi katika safari nzima ya kupita kwenye bloku zote. Kwa hiyo panga vile mipira inavyopita kwa urahisi. Mpangilio mmoja tu ndio wenye sheria: tangi liitangulie pampu, na liitangulie kwa karibu.

Sababu iko ndani ya pampu yenyewe. Pampu zinazotumika sana katika kazi hii ni za aina mbili, D5 na DDC. D5 ni ya duara, nzito kidogo, hutumia hadi wati 23 hivi, na pasipo kizuizi chochote husukuma mpaka lita 1,500 kwa saa. DDC ni ndogo, ya mraba, husukuma maji machache kwa nguvu zaidi, na hupata joto upande wa chini ambako umeme wake umekaa, kwa hiyo haipendi kubanwa kwenye kona isiyo na hewa. Zote mbili hazina grisi wala oili. Sehemu inayozunguka hukaa juu ya beringi ndogo ya seramiki, na kinacholainisha beringi hiyo ni maji yanayopita. Aidha, hazina uwezo wa kuvuta maji kutoka chini yake kama pampu ya kisima. Husukuma kile kilichokwisha kuzifikia. Pampu ikikimbia kavu, beringi husagika, na ikimeza hewa kidogo kidogo kila siku hufika hapohapo kwa njia ndefu. Pampu iliyoharibika hivyo utaijua kwa sauti: hutoa mlio wa kukwaruza unaopanda na kushuka, hata maji yakiwa yamejaa.

Kwa hiyo kitako cha tangi hukaa juu ya mdomo wa pampu, na mpira unaoviunganisha huwa mfupi, mnene, usio na kona kali. Wengi siku hizi hununua tangi lililokwisha kuunganishwa na pampu chini yake, na kwa mtu anayeunda mara ya kwanza mimi humshauri achukue hilo bila kusitasita, kwa sababu linaondoa viungo viwili vinavyoweza kuvuja na haliwezi kuwekwa kinyume isipokuwa mtu alilaze au aligeuze kichwa chini. Wako wanaoamini kwamba tangi likipandishwa juu sana pampu itasaidiwa na uzito wa maji. Mzunguko ukishajaa, maji yanayopanda upande mmoja husawazishwa na yanayoshuka upande mwingine, na pampu hubaki kupambana na msuguano tu ndani ya bloku na mipira. Urefu una maana wakati wa kujaza, na hata hapo D5 inaweza kupandisha maji karibu mita 4, ilhali kasha zima la kompyuta halifiki mita moja.

Kujaza ndiko kunakoonyesha kama tangi limewekwa na mtu aliyefikiri. Kwanza natenganisha umeme wote wa ubao mama na kadi ya picha, nabakiza pampu peke yake, kisha naiamsha pawasaplai, yaani kisanduku kinachogawa umeme kwa vifaa vyote, kwa kipande cha waya kinachounganisha pini ya 16 na ya 17 kwenye plagi yake kubwa, ambazo kwenye pawasaplai nyingi za zamani ni waya wa kijani na mweusi ulio jirani yake. Hivyo hata tone likidondoka linadondokea kitu kisicho na umeme. Natandika karatasi za jikoni nyeupe chini ya kila kiungo, kwa kuwa karatasi nyeupe huonyesha unyevu kabla jicho halijauona kwenye chuma. Halafu namimina kwa chupa ya plastiki yenye mdomo mwembamba, taratibu, mpaka tangi lijae karibu na kifuniko. Naiwasha pampu. Katika sekunde mbili au tatu kiwango cha maji huporomoka, unasikia mkoromo, unaona mkondo mweupe wa viputo ukikimbia kwenye mpira, na kabla maji hayajafika kwenye shimo la kutokea nazima. Najaza tena, nawasha tena. Tangi la mililita 100 hunilazimu kuwasha na kuzima mara nyingi, na kila mara kidole kiko tayari. Tangi la mililita 250 hunipa nafasi ya kupumua. Hapo ndipo ukubwa unapokuwa na faida ya kweli, na ndiyo sababu sishauri mtu achukue dogo kuliko hilo kama nafasi ipo. Ukubwa zaidi ya hapo ni wa urembo, na urembo si dhambi, mradi mtu ajue analipia nini.

Mlango wa kujazia uwe sehemu ya juu kuliko zote, au karibu na hapo. Kama rejeta imefungwa kwenye dari la kasha na tangi liko chini yake, hewa hubaki ndani ya rejeta na lazima uliinamishe kasha lote huku pampu ikiwaka, mbele, nyuma, kushoto, mpaka viputo vikubali kutoka na kurudi tangini. Kazi hiyo inafanyika, ila inachosha mikono, na kasha la kioo lenye rejeta mbili lina uzito wake. Ninapoweza, naongeza kiungo cha tii, chenye midomo mitatu kama herufi T, kwenye tundu la juu la rejeta na kukiweka kizibo, ili hewa itolewe pale pale ilipo. Na kuna tahadhari inayotokana na tangi kuwa chini: ukifungua kiungo chochote kilicho juu yake, hewa huingia hapo na maji yaliyokuwa yameshikiliwa juu hushuka yote kwa pamoja. Kama kifuniko cha tangi nacho kiko wazi, yatamwagikia kadi ya picha.

Niliwahi kuletewa mashine ya studio moja iliyokuwa ikikoroma kila asubuhi kwa dakika kadhaa kisha ikatulia. Aliyeiunda alikuwa amefanya kazi safi, mipira imekatwa sawasawa, hakuna kinachovuja. Nilipoangalia tangi kwa tochi nikaona tundu la kurudishia maji liko ubavuni, juu ya kiwango cha maji, hivyo maji yalikuwa yakianguka ndani kama kutoka kwenye mfereji. Mashine ikiwa inawaka hilo huleta povu na kelele ndogo tu. Ikizimwa, mdomo wa mpira wa kurudishia hubaki wazi kwenye hewa ya tangi. Hewa hupanda taratibu ndani yake, maji hushuka, na asubuhi pampu hukuta mzunguko umejaa mapengo. Studio ile ilikuwa kwenye mtaa ambao umeme hukatika hukatika, kwa hiyo jambo ambalo kwingine lingetokea mara moja kwa siku, pale lilitokea kila umeme ulipokwenda na kurudi. Dawa ilikuwa mrija mfupi wa akriliki unaoingia kwenye tundu kwa ndani na kushuka mpaka chini ya maji. Tangu hapo tundu la kurudishia ndilo ninaloangalia kwanza kwenye tangi lolote: liko wapi, na kama liko juu, je, limekuja na mrija wake?

Lakini kulishusha tundu hilo hadi kitako nako kuna ubaya wake. Maji yanayorudi kwa kasi jirani na shimo la kutokea huvuta viputo moja kwa moja kwenye pampu kabla havijapata nafasi ya kupanda. Vilevile, kiwango kikiwa cha chini na pampu ikiwa kwenye kasi ya juu, maji huanza kuzunguka na kufanya shimo katikati, na ncha ya shimo hilo ikifika chini pampu inameza hewa. Matangi mengi huja na kibao chembamba chenye matundu au kipande cha sponji cha kukata mzunguko huo. Kibao ni kizuri. Sponji siipendi, kwa kuwa baada ya muda huanza kumegeka na chembe zake huishia kwenye mifereji ya bloku, ambayo ni myembamba kuliko unene wa kucha. Mara nyingi tiba ni rahisi zaidi ya vyote hivyo: punguza kasi ya pampu. D5 kwa nusu ya nguvu zake huipoza mashine karibu sawa na ikiwa kwenye kasi yote, na mtu aliye chumbani hupata amani.

Kuhusu nafasi, tepu ya kupimia itangulie pochi. Chukua kasha lenye sentimita 40 kutoka mgongoni hadi ukuta wa mbele. Rejeta nyembamba ya mbele ni sentimita 3 hivi na feni zake 2.5, zimebaki 34.5. Kadi za picha za leo nyingi zinapita sentimita 30. Tuseme yako ni 31. Umebakiwa na sentimita 3.5, na tangi la silinda lina kipenyo cha 5 au 6. Halitoshi mbele ya kadi, hata ufanyeje. Ndipo linahamia juu ya kadi, ubavuni mwa ubao mama, au linabanwa kwenye feni ya nyuma kwa kishikizo cha milimita 120. Nimeona pia wengi wakilifunga mbele ya feni za rejeta katikati kabisa, likaziba njia ya hewa ya feni moja nzima kwa ajili ya kupendeza. Hilo ni kuchukua kutoka kwenye kifaa kinachopoza na kukipa kisichopoza.

Zamani makasha yalikuwa na nafasi za sidii mbele, za inchi 5.25, na yalikuwepo matangi ya kisanduku yaliyoingia humo na kuonyesha maji kwa kioo cha mbele. Nafasi hizo zimetoweka kwenye makasha mengi mapya na matangi yale yametoweka nazo. Kilichoshika nafasi ni bamba la akriliki lenye njia za maji zilizochongwa ndani, ambalo ni tangi, mipira na mara nyingi kishikizo cha pampu kwa pamoja. Linapendeza kuliko kitu chochote ninachokifunga. Ila limetengenezwa kwa kasha la modeli moja, oringi yake, yaani pete ya mpira inayozuia maji kuvuja, ni ndefu na hukaa kwenye mfereji unaozunguka bamba zima, na likipata ufa huwezi kulibadilisha kwa kitu cha dukani Kariakoo. Utaagiza nje na kusubiri. Mteja akilitaka humweleza hayo, akisisitiza namfungia. Wapo pia wanaoliacha tangi kabisa na kuweka tii yenye mpira mfupi wa kujazia. Mashine hizo hupoza sawasawa na zenye tangi, jambo ambalo ni ushahidi tosha kwa yale niliyosema mwanzo, lakini kutoa hewa kwake kunataka moyo.

Kelele nayo hutegemea mahali. Pampu iliyobanwa kwa skrubu moja kwa moja kwenye bati jembamba la kasha huligeuza bati hilo kuwa ngoma. Mama mmoja anayechora ramani za nyumba alinipigia akisema mashine inanguruma tangu aihamishie mezani. Nilipoigusa kwa kidole ubavuni mwa kasha mngurumo ukakatika, nilipokiondoa ukarudi. Niliweka vipande vinne vya mpira laini chini ya kishikizo, nikahakikisha skrubu hazigusi bati bila mpira katikati, na ukaisha. Tangi refu lililoshikiliwa chini tu nalo hutikisika. Vishikizo vyake viwe viwili, na cha juu kisikazwe mpaka akriliki ikalia.

Akriliki ina adui wawili hapa kwetu. Wa kwanza ni spiriti. Mtu anataka tangi lake ling'ae, analifuta kwa spiriti kama anavyofuta kioo, na baada ya muda anaona nyufa ndogo ndogo kama nywele kuzunguka matundu, mahali ambapo plastiki iko kwenye mkazo. Maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo yanatosha. Wa pili ni fitingi za bomba la nyumbani. Tundu la tangi lina uzi wa G1/4, ambao ni wa kipimo cha robo inchi na umenyooka, na kinachozuia maji ni oringi inayokaa juu ya uso wa tangi. Fitingi nyingi za shaba nyeupe na za chuma kwenye maduka ya mabomba zina uzi unaonenepa kuelekea juu, na mafundi huzizungushia utepe mweupe na kuzikaza kwa spana. Zikiingizwa kwenye akriliki hufanya kazi ya kabari. Fitingi sahihi hukazwa kwa vidole mpaka oringi iguse, halafu kidogo tu zaidi.

Kuhusu kimiminika, mimi hutumia maji ya betri yaliyochujwa kwa mvuke, yale yanayouzwa vituo vya mafuta, baada ya kusoma lebo na kuhakikisha si asidi, kwa kuwa vyote viwili huwekwa rafu moja. Maji ya kisima cha Dar, ambayo mengi yana chumvi, yasiingie hata kwa kusuuza. Ndani ya hayo naongeza dawa ya kuzuia kuvu na kutu iliyotengenezwa kwa ajili ya kompyuta, na sichanganyi rejeta ya alumini na bloku za shaba katika mzunguko mmoja, kwani metali hizo mbili zikikutana ndani ya maji alumini huliwa. Tangi lisikae mahali linapopigwa na jua la dirishani. Mwanga na joto hulea mwani, na tangi la kung'aa ndilo mlango wake. Kwa upande mwingine, uangavu huohuo ndio unaokupa habari: maji yakianza kuwa na utusitusi mara nyingi ni mipira laini inayotoa kemikali yake, na kiwango kikishuka milimita chache kwa mwezi bila dalili ya kuvuja ni maji yanayopenya taratibu kwenye kuta za mipira hiyo. Mpira mweusi wa EPDM, aina ya mpira wa kutengenezwa kiwandani, hupunguza yote mawili, ingawa hauonyeshi maji na vijana hawaupendi. Tangi lenye alama ya kiwango, hata ya kalamu, ni bora kuliko lenye taa za rangi saba.

Kutoa maji husahaulika mpaka siku yanapotakiwa kutoka. Naweka tii na koki ndogo mahali pa chini kuliko pote, kwa kawaida kwenye mpira unaotoka kwenye pampu, ikielekea upande ambao mpira wa kukingia unaweza kuunganishwa bila kung'oa kitu. Koki peke yake haitoi maji. Lazima kifuniko cha tangi kilegezwe ili hewa iingie juu, la sivyo yatatoka matone na kusimama.

Mashine ikitakiwa kusafiri, tuseme kwa basi kwenda Dodoma au Mwanza, ushauri wangu ni kumwaga maji yote na kujaza upya huko. Asiyetaka usumbufu huo hujaza tangi mpaka juu ili maji yasipate nafasi ya kupigapiga, lakini akifika apunguze, kwa kuwa maji yakitoka nyuzi 25 hadi 60, kikomo kinachotajwa kwa vifaa vingi vya aina hii, huongezeka ujazo kwa zaidi kidogo ya asilimia 1, na lita nzima ya mzunguko inahitaji kama mililita 14 za kutanukia. Kasha likiwa limelazwa njiani, hewa yote ya tangi inakuwa imehama na huenda imekaa mdomoni mwa pampu. Lisimamishwe wima kwa muda, ligongwegongwe ubavuni kwa kiganja, na mtu aangalie kwanza kama kitako cha tangi kimejaa maji ndipo abonyeze swichi.